Mbwa Amepangiwa Kitanda

Zege la mlango ule alilimwaga mume wangu. Naanzia hapo kwa makusudi, maana watu wakitaka kusimulia habari za Uswisi husimulia jibini na saa za mkononi, na mimi nikiwasikia nachefukwa. Mlango wa handaki la Bwana Zurbuchen ulikuwa mnene kuliko urefu wa kiganja changu, na aliyesuka nondo zake ni Donato wangu, aliyechanganya zege ni yeye, aliyelishindilia ni yeye. Kuta nazo ni zake. Hata ile njia ya dharura, tundu jembamba la kutambaa kutoka handakini hadi bustanini, yeye ndiye aliyeingia kwa tumbo kulipiga lipu. Kisha vitanda vikaletwa, kila mtu akapangiwa chake, na Donato hakupangiwa.

Miaka hiyo sheria yao ilitaka kila nyumba mpya iwe na handaki chini yake, ili wenye nyumba wapone siku Warusi na Wamarekani watakapotupiana mabomu ya nyuklia. Bwana Zurbuchen alikuwa mkandarasi, na sheria hiyo ilimnenepesha. Donato alikuwa fundi wake. Mimi nilikuwa mtumishi wa nyumbani kwake: napika, nafua, napiga deki. Sote wawili tulikuwa na kibali cha msimu. Miezi tisa unawafanyia kazi, mitatu unarudishwa kwenu Italia ukakae na njaa yako, halafu unaomba upya. Na kibali hicho kilikuwa na sharti la kishetani. Mtoto haruhusiwi. Kuwa naye wanakubali, mradi awe mbali na macho yao.

Sisi mtoto tulikuwa naye, na hakuwa mbali. Alikuwa darini.

Mirella alikuwa na miaka sita. Bibi yake aliyekuwa akimlea kule milimani kwetu alifariki, na hatukuwa na mtu mwingine wa kumwachia. Tukamvusha mpaka akiwa amelala chini ya kiti cha nyuma cha gari la binamu yake Donato, kafunikwa mablanketi. Tangu hapo akaishi katika chumba cha darini tulichopewa na Bwana Zurbuchen, na mchana kutwa alikuwa peke yake. Havai viatu. Hafungui bomba. Akikohoa, anakoholea kwenye mto. Akigundulika, polisi wa wageni wanatufukuza wote watatu na Donato hapati tena kibali, na kwetu hakukuwa na kazi hata ya kubeba mawe.

Basi nikamfundisha. Jumapili, wenye nyumba wakienda kanisani, tulikuwa tunafanya mazoezi. Mtu akibisha, unanyamaza. Akiita jina lako, unanyamaza.

"Hata nikikuita mimi," nilimwambia, "usijibu mpaka uuone uso wangu. Wanaweza kunishika wakanilazimisha nikuite."

"Na nikiuona uso wako, halafu nyuma yako kuna watu?"

"Basi usitoke."

Akaitikia kwa kichwa. Alikuwa ameshazoea kuitikia kwa kichwa tu. Watoto wa mtaa ule walikuwa wakipita chini ya dirisha letu na baiskeli zao, wanapigiana kelele mpaka masikio yanauma, na mwanangu akiwachungulia kupitia ufa wa pazia huku amejiziba mdomo kwa mkono ili asicheke.

Kule chini, Bwana Zurbuchen naye alikuwa anaiandaa nyumba yake. Sijawahi kumwona mwanamume akifurahia maangamizi ya dunia kiasi kile. Alinunua sukari, mchele na mafuta, akaviweka chini, na amri ya nyumba ikawa kwamba chakula kipya kinakwenda handakini na cha zamani kinapanda jikoni. Kwa hiyo mwaka mzima tulipika mchele wenye harufu ya gunia, ili ule mzuri usubiri bomu. Maji ya madumu niliyabadilisha mimi. Mishumaa niliipanga mimi. Choo cha ndoo na mifuko yake nilikisugua mimi, choo ambacho hakijaona haja ya mtu yeyote. Kulikuwa na redio, shoka, karata za kuchezea, na pampu ya kuzungushwa kwa mkono ya kuvuta hewa kutoka nje na kuichuja. Bwana alikuwa akiizungusha kila Jumamosi kabla ya kifungua kinywa, mashavu mekundu, kama mtu anayejiandaa kwa harusi.

Siku ya kutandika vitanda aliniita chini. Vilikuwa vitanda vya deka, vya watu sita.

"Hiki changu. Hiki cha Hedwig. Hivi viwili vya wanangu wakirudi kutoka jeshini. Hapa juu tunaweka skii za kutelezea thelujini na divai."

"Na hiki cha mwisho, Bwana?"

Akaangalia mlangoni, akainamisha kichwa, akanong'ona huku anatabasamu. "Cha Bäri."

Bäri alikuwa mbwa wao, mkubwa, mwenye manyoya mengi na macho ya upole.

"Si mlisema sheria inakataza wanyama?"

"Inakataza. Nitamwingiza kimyakimya. Nani atajua? Mtu hawezi kumwacha wake nje, Ersilia. Wewe ungeweza?"

Nikavuta shuka mpaka kidogo lichanike. "Na sisi, Bwana? Mimi na Donato?"

Alishangaa kwa dhati. Hakuwa mtu wa matusi, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, maana mtu wa matusi unajua pa kumshika. "Nyinyi mna kwenu," akasema. "Nafasi zinahesabiwa kwa wakazi. Wa msimu si mkazi."

"Bomu likianguka mwezi wa saba, tukiwa hapa jikoni kwako?"

"Aa, Ersilia! Nyinyi watu wa kusini kwa kukuza mambo!" Akanigonga begani kwa upole, akapanda ngazi akipiga mluzi.

Mwaka uliotangulia wanaume wa nchi ile walikuwa wamepiga kura, watufukuze wageni kwa maelfu au watubakishe. Wengi wakasema tubaki, na wala si wengi sana. Bwana Zurbuchen alituambia kwa fahari kwamba yeye kura yake ilikuwa ya kutubakisha. Kwani angejengewa na nani?

Sasa nisikilizeni vizuri. Ijumaa moja, nikiwa namenya viazi, Bi Hedwig, mke wa Bwana, aliingia jikoni akaanza kupangusa meza iliyokuwa safi tayari.

"Kesho asubuhi msafisha bomba la moshi anakuja," akasema. "Atapanda darini. Ataingia vyumba vyote."

"Hata chetu?"

"Hata chenu. Nimeona nikwambie mapema." Akatoka bila kuniangalia usoni.

Jioni ile mimi na Donato tulishauriana kwa minong'ono. Msituni kuna baridi. Kwa rafiki zetu kwenye mabanda ya wafanyakazi, wasimamizi wanapita Jumamosi. Mwishowe Donato akasema, "Handakini. Bwana akishamaliza pampu yake, hakuna anayeingia pale. Na kama kuna mahali katika nchi hii ninapojua hapatamwangukia, ni pale. Nimepajenga mwenyewe."

Asubuhi, Bwana akiwa ameshamaliza kuzungusha pampu yake na kukaa mezani, nikamteremsha Mirella kwa ngazi za nyuma, miguu mitupu. Nikamlaza chini ya kitanda cha mwisho, nyuma ya magunia ya sukari, nikampa mkate na mwanasesere wake wa kitambaa. Mlango nikaurudisha bila kuukaza.

"Mpaka uuone uso wangu," nikasema. Akaitikia kwa kichwa.

Msafisha bomba alikuja na masizi yake, akapanda, akashuka. Nilitaka kukimbilia chini palepale, lakini Bwana akanituma dukani: mkate wa kusuka, na divai nyeupe ya mgeni.

"Mgeni gani, Bwana?"

"Mkaguzi wa mahandaki. Alikuwa aje wiki ijayo, bahati nzuri leo yuko mtaani kwetu."

Mbio nilizopiga siku hiyo hazisimuliki. Nilirudi na mkate umevunjika, nikakuta baiskeli ya mkaguzi imeegemezwa ukutani. Nikashuka ngazi za chini mbili mbili. Walikuwa wameshatoka ndani. Mlango ulikuwa umefungwa, vishikio vyote viwili vimekazwa, na mkaguzi, mzee mmoja nadhifu mwenye miwani, alikuwa anabana kipande laini cha madini ya risasi kwenye waya. Muhuri. Juu ya muhuri Bwana akatia kufuli lake mwenyewe, kubwa kama ngumi.

"Hilo kufuli si la lazima," mkaguzi alisema.

"Mrusi simwogopi," Bwana akamjibu. "Namwogopa jirani." Wakacheka. Ufunguo ukaingia mfuko wa kizibao.

Bäri alikuwa anakwaruza mlango kwa kucha na kulia.

"Mwone! Anajua pazuri," Bwana akasema, akamvuta kwa ukosi.

"Kazi safi kabisa," mkaguzi akasema wakipanda. "Nimefunga matundu yote nikapima. Bila kuzungusha pampu, hata nzi hapati hewa humo."

Nikawafuata na sauti yangu nikailainisha kadiri nilivyoweza. "Bwana, samahani, nimesahau ndoo yangu ya deki ndani. Nifungulie mara moja tu."

"Ndoo itasubiri bomu, kama sisi wengine!"

"Bwana, tafadhali."

"Muhuri umeshawekwa," mkaguzi akanieleza, polepole na kwa sauti kubwa, kama kwamba ugeni ni uziwi. "Ukikatwa, ukaguzi wote umebatilika."

Wakaketi mezani. Nikawapakulia supu, nikarudi chini. Nikagonga mlango kwa ngumi.

"Mire! Ni mimi! Ni mama!"

Kimya. Nikagonga kwa kiatu. Nikaweka sikio kwenye zege la Donato, na zege la Donato lilikuwa zuri, halikupitisha kitu. Nikakimbilia bustanini, nikainua wavu wa chuma wa njia ya dharura, nikaingia kwa tumbo kama alivyoingia mume wangu siku ya lipu, mpaka kwenye kidirisha cha chuma ambacho kinafunguliwa kutoka ndani tu.

"Mirella! Kuna kishikio juu ya kitanda! Zungusha! Mirella, mama yako nakuomba!"

Hakujibu. Alikuwa anatii, au alikuwa hana pumzi, na mimi sikuwa na njia ya kujua ni lipi kati ya hayo. Donato alikuwa kwenye jengo ng'ambo ya mto, angerudi jioni. Ningeweza kumsubiri, akavunja kufuli kwa mtaimbo, tukatunga uongo, na siri yetu ikabaki siri. Au nikatamke sasa hivi, tufukuzwe. Sikupima sana. Hewa yenyewe ingesubiri jioni?

Nikaingia chumba cha kulia na udongo magotini na nywele zimejaa utando wa buibui.

"Kuna mtoto handakini."

Bwana Zurbuchen akaweka kijiko chini. "Mtoto wa nani?"

"Wangu."

Alicheka kwanza, haki ya Mungu alicheka. "Ersilia, wewe huna mtoto. Kibali chako nilikijaza mimi mwenyewe."

"Haiwezekani," mkaguzi akasema. "Nimekikagua chumba kile sasa hivi."

Bi Hedwig alikuwa anapaka siagi kwenye mkate. Hakuinua macho. "Yupo," akasema. "Nasikia vinyayo vyake tangu theluji ilipoyeyuka."

"Hedwig!"

"Ndiyo maana nilimwambia kuhusu msafisha bomba. Nilifikiri atajua pa kumpeleka."

Nikamwangalia mwanamke yule. Alijua. Nilipoomba ndoo alikuwa amesimama juu ya ngazi, alinisikia, na alijua hakuna ndoo, akaja akaketi akapaka siagi. Mpaka leo watu wakiniambia kwamba kulikuwa na Waswisi wema, nakumbuka kisu kile cha siagi.

"Nipe ufunguo," nikamwambia Bwana.

"Tutulie kwanza. Haya mambo yana utaratibu wake. Mtoto huyu ameingiaje nchini? Nadhani tupige simu ofisi ya kijiji, halafu, mbele ya shahidi—"

Sikumsubiri amalize. Nikatia mkono wangu katika mfuko wa kizibao chake, mkono wenye udongo, mpaka ndani, nikamgusa tumbo lake la moto, nikachomoa ufunguo. Katika miaka yote sikuwahi kumgusa mtu yule hata kwa kupeana mkono. Alibaki ameinua mikono juu kama anayeporwa.

Wakanifuata chini. Waya wa muhuri niliukata kwa mkasi wa jikoni, na nyuma yangu mkaguzi akatoa sauti kama nimemkata yeye. Nikafungua kufuli, nikaning'inia kwenye vishikio kwa uzito wangu wote mpaka vikalegea. Hewa iliyotoka ilikuwa nzito, ya magunia na mkojo. Bäri akanipita mbio, akarukia kitanda chake, akajilaza.

Nikapiga magoti. Nyuma ya sukari niliyaona macho yake. Alikuwa hai. Amejiziba mdomo kwa mikono miwili, gauni limelowa.

"Njoo, mama."

Akauangalia uso wangu. Kisha akaangalia nyuma yangu, akaviona viatu vya wanaume, akatikisa kichwa. Hatoki. Si ndivyo nilivyomfundisha?

"Tokeni humu!" nikapiga kelele.

"Hili ni handaki langu," Bwana akasema.

"Toka ndani ya zege la mume wangu!"

Sijui alichokiona usoni mwangu, lakini alirudi nyuma akamkanyaga mkaguzi. Walipoondoka mlangoni, ndipo mwanangu alipotambaa akatoka, mwekundu, ametota jasho. Akaniwekea mdomo sikioni.

"Mama," akanong'ona, "sukari yao sijaigusa."

Nikambeba. Tukawapita kwenye ngazi. Mkaguzi alikuwa anamwambia Bwana kwamba itabidi jaribio lirudiwe, na tena kuna suala la mbwa juu ya kitanda, ambalo angelazimika kulitaja. Bwana akaanza kumsihi kuhusu mbwa. Nawaapia, alimsihi kwa ajili ya mbwa mpaka sauti ikamkatika. Halafu akaenda kwenye simu, na nikamsikia akiulizia polisi wa wageni.

Nikatoka naye bustanini, juani, katikati ya nyasi zao zilizokatwa sawasawa. Nikamsimamisha chini. Mtoto wangu hakuwa amekanyaga nyasi tangu tuvuke mpaka. Alikunja vidole vya miguu, akaangalia madirisha ya majirani moja baada ya jingine, akarudi kuniziba mimi mdomo kwa mkono wake.

Nikautoa. "Mire, piga kelele."

"Watasikia," akanong'ona.

"Wasikie."

"Baba atafukuzwa."

"Baba ameshafukuzwa. Piga kelele, mwanangu."

Akafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Akajaribu tena, shingo imemkaza, na bado hakuna, na hasira iliyonishika pale sijaipoza mpaka leo hii ninapozungumza. Nikapiga kelele mimi kwanza, kwa lugha ya kwetu, maneno ambayo mama yangu angenichapa kwayo. Nikawataja wote, wenye kura na wenye mihuri na wenye siagi. Ndipo na yeye sauti ikamtoka, nyembamba mwanzoni, kisha kubwa, kubwa kuliko mwili wake.

Dirisha la kwanza likafunguka, na la pili, mpaka mtaa mzima ukawa vichwa. Bi Hedwig akatokeza kwake, mikono kifuani.

"Ersilia, jamani! Majirani!"

"Endelea," nikamwambia mwanangu. Akavuta pumzi, akaendelea.